Stata ya pikapu: nimeishusha na kuirudisha mwenyewe uani, Arua. Mwenye gari la zamani apite hapa

Msafiri_Arua:
Wakuu, salamu kutoka Arua, Uganda. Uzi ni mrefu, nitaumwaga kwa vipande maana naandika kwa simu na mikono bado ina grisi. Kwa asiyeijua, stata ni ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake.

Nina pikapu, Hilux ya injini iitwayo 3L, dizeli, gia za mkono. Kazi yake ni samaki. Naondoka alfajiri, napita Nebbi, nashuka Panyimur kando ya Ziwa Albert, napakia, narudi Arua kabla jua halijawa kali. Sasa samaki hangoji fundi. Ukichelewa saa mbili barabarani, bei inashuka mbele ya macho yako na inzi ndio wanaokuwa wateja wa kwanza.

Wiki tatu zilizopita gari lilianza ugonjwa. Nageuza ufunguo, nasikia "ta!" moja kule chini, kisha kimya. Taa za dashibodi zinawaka vizuri tu. Nageuza tena, "ta!". Mara ya tatu au ya nne linakubali, na linazunguka kwa nguvu kana kwamba halijawahi kuumwa. Siku nzuri linakubali mara ya kwanza. Siku mbaya nahesabu hadi kumi na tano.

Nikawa mtu wa mitelemko. Nikiingia mahali, kabla sijaangalia wateja naangalia ardhi imeinamia wapi. Panyimur nilikuwa sizimi gari muda wote wa kupakia, dizeli inaungua bure. Siku moja nikajisahau, nikazima penye mchanga, pamelala kama meza. Vijana sita walisukuma mpaka jasho likawatoka, na kila mmoja akadai soda yake. Haki yao.

Ushauri nilipewa mwingi. Dereva mwenzangu akasema betri. Shemeji akasema ufunguo umechoka. Fundi mmoja, simtaji, hata boneti hajafungua akasema, "Hiyo stata imekufa, lete laki tatu na nusu nikutafutie nyingine ya Japani." Labda alikuwa sahihi. Ila mimi nikajiuliza: kitu kilichokufa kinafufukaje mara ya nne?

Nikaenda kwa jirani anayetengeneza redio na sola, nikaazima mita ya umeme. Narudi jioni na vipimo.

Spana_Mkononi:
Kaka, usijisumbue na mita. Chukua nyundo, igonge stata mara mbili wakati mtu ameshikilia ufunguo. Itawaka. Mimi hapa Gulu nimetembea hivyo miezi minne.

Kuruta_Mstaafu:
Miezi minne ukigonga kila asubuhi? Kijana, huyo si dereva, huyo ni mpiga ngoma.

Fundi_Waya_Jinja:
Tusimcheke, kugonga kunasaidia kweli na kuna sababu yake. Ndani ya stata kuna makaa, yaani brashi za kaboni, zinazosukumwa na springi zigusane na amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka. Zikiisha zinakwama, ukigonga zinashuka kidogo na kugusa tena. Pia kwenye solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata inayosema "ta!", kuna sahani ya shaba inayopiga kwenye vipande viwili vya shaba. Vikiliwa, sahani haifiki sawasawa, na ukigonga inakaa vizuri kwa mara hiyo moja. Kwa hiyo nyundo ni ya kukufikisha nyumbani tu. Na ugonge taratibu kwa ubao. Stata nyingine zina sumaku za kudumu ndani badala ya koili, ukizitwanga zinapasuka, hapo umemaliza kabisa.

Msafiri, leta vipimo vyako. Nakungoja.

Msafiri_Arua:
Nimerudi. Msaidizi wangu ni mwanangu wa sekondari mwaka wa pili, kazi yake ni kugeuza ufunguo na kunung'unika.

Kwanza betri. Asubuhi, gari limelala usiku kucha, mita inasoma volti 12.6. Safi. Kijana akageuza ufunguo. Gari likikubali kuzunguka, betri inashuka hadi 10.4 hivi. Likikataa na kusema "ta!", betri haishuki hata chini ya 12.

Hapa nilikaa chini kwenye ndoo nikafikiri. Stata ya dizeli inakunywa ampea 200 na zaidi ikizungusha injini, kwa sababu dizeli inagandamiza hewa zaidi ya mara 20. Mzigo huo lazima uonekane kwenye betri. Betri ikiwa mbovu, volti zingeporomoka na taa zingefifia. Stata ikiwa imekwama kimitambo, umeme ungeingia mwingi sana na volti zingeporomoka vilevile. Zangu hazikuporomoka, maana yake umeme haujaingia kwenye mota kabisa. Mlango umebishwa, mwenyewe hajafungua.

Pili nyaya. Ncha moja ya mita juu ya kichwa chenyewe cha betri cha chanya (kichwa cha risasi, si kibanio), ya pili kwenye bolti nene ya stata. Kijana anageuza, gari linazunguka, mita inasoma 0.3. Kisha upande wa hasi: kichwa cha betri hadi bodi ya stata, 0.1. Nilivyoelewa, chanya ikizidi nusu volti una waya mbovu au kutu mahali. Kipimo hiki kina maana tu gari likiwa linazunguka. Likisema "ta!" bila kuzunguka, hakuna umeme unaopita, utasoma sifuri na kujisifu bure.

Tatu ndicho kilichomkamata mwizi. Stata ya Denso kama hii ina sehemu tatu za umeme: bolti nene inayotoka betri, ambayo wengi wanaiita 30; kijiwaya chembamba kinachotoka kwenye ufunguo, 50; na bolti ya pili nene inayopeleka umeme ndani ya mota, C. Niliweka mita kati ya 30 na C. Shaba za ndani zikigusana vizuri, hapo pasome karibu na sifuri, kwa sababu bolti hizo mbili zimekuwa kitu kimoja. Kijana akageuza: "ta!", mita inasoma 12 na kitu. Tena: "ta!", 12. Mara ya tatu injini ikazunguka na mita ikaanguka hadi karibu sifuri.

Basi. Solenoidi inaruka, shaba hazigusani.

Fundi_Waya_Jinja:
Umefanya kazi ambayo mafundi wengi hatufanyi, nakiri. Ila waambie wasomaji jambo moja: kati ya 30 na C utasoma volti 12 hata ufunguo ukiwa umezimwa, kwa hiyo lazima usikie "ta!" kwa masikio yako ndipo kipimo kiwe ushahidi. Kama hakuna sauti kabisa, usilaumu shaba. Pima kwanza kijiwaya cha 50. Hakipati umeme? Basi kosa liko kwenye relei (swichi ndogo inayopitisha umeme wa stata), swichi ya ufunguo, au njiani.

MamaMatoke_Bushenyi:
Habari za kazi jamani. Mimi ndiyo hiyo ya kimya kabisa. Nina pikapu ya petroli, gia zinajibadilisha zenyewe, nabeba matoke kutoka Bushenyi hadi Kampala. Asubuhi nyingine nageuza ufunguo hakuna hata sauti ya panya. Nikingoja, nikizunguka nikizunguka, inawaka. Fundi wa hapa ameshaniambia stata. Nisaidieni kabla sijauza mbuzi.

Msafiri_Arua:
Dada, mbuzi abaki kwanza. Kesho ikikataa, kanyaga breki, toa gia kwenye P (ya kuegesha) uweke N (gia huru), kisha geuza. Utuambie.

Kuruta_Mstaafu:
Mimi nimeendesha magari ya jeshi tangu ujana, sasa nipo Bombo nalima na kukumbuka. Nataka kuonya juu ya ule mchezo wa bisibisi. Vijana wanapenda kulala chini ya gari na kuunganisha 30 na 50 kwa bisibisi, stata inazunguka bila ufunguo. Inafanya kazi, nimeifanya mara nyingi. Lakini mwenzangu mmoja aliifanya gari likiwa kwenye gia ya kwanza. Dizeli ya zamani, tena ufunguo ulikuwa umewashwa. Injini ikawaka, gari likaondoka, yeye yuko chini. Mungu alimsaidia, gurudumu lilipita pembeni ya bega, likachukua mkono wa shati. Tangu siku hiyo hata akiegesha baiskeli anaangalia gia.

Spana_Mkononi:
Mzee umenimaliza na baiskeli 😂

Msafiri_Arua:
Sehemu ya pili, kushusha.

Jumamosi sikwenda ziwani. Usiku wa Ijumaa nilipulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti zote nilizoweza kuziona, nikayaacha yanywe mpaka asubuhi. Kama huna ya kopo, weka dizeli, ni afadhali kuliko kwenda mikono mitupu.

Asubuhi, kitu cha kwanza kabisa: waya wa hasi wa betri nje. Wa hasi, si wa chanya. Ile bolti nene ya stata ina umeme saa zote hata ukiwa na ufunguo mfukoni, hakuna fyuzi inayoilinda katika magari mengi. Spana ikigusa bolti hiyo na bodi kwa wakati mmoja, utaona radi ya mchana na spana itajichomelea palepale. Ukianza kufungua chanya huku hasi bado imefungwa, spana ikigusa bodi ni hadithi ileile.

Kisha nikaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, nikainua mbele kwa jeki.

Fundi_Waya_Jinja:
Subiri hapohapo. Uliweka nini chini ya chesi? Usiniambie matofali.

Msafiri_Arua:
Niliyafikiria, sikatai, uani kwangu yamejaa. Baba yangu mdogo alipita akanifokea mbele ya mtoto. Tofali halitoi taarifa, linabeba kimya na kupasuka mara moja. Akaniletea vipande viwili vya gogo la mvule alivyokuwa amehifadhi tangu ajenge nyumba. Nikaviweka chini ya chesi, nikashusha jeki mpaka gari likakaa juu ya mbao, nikalitikisa kwa bega kabla sijaingia chini. Mwenye stendi za chuma atumie stendi.

Stata iko ubavuni mwa injini kwa chini, pale injini inapokutana na giaboksi. Yangu ilikuwa imevaa vumbi jekundu la murramu lililochanganyika na mafuta, gumu kama udongo wa nyungu. Nilikwangua kwa bisibisi nusu saa kabla hata sijaona nati. Nilipiga picha kwa simu kila waya ulipokaa. Picha hizo ziliniokoa baadaye, maana kulikuwa na kijiwaya cha tatu kilichobanwa pamoja na ule mnene, na jioni yake ningekula kiapo kwamba sijawahi kukiona.

Kijiwaya cha 50 kinachomolewa kwa kubonyeza kiplastiki. Kiplastiki cha miaka ishirini na kitu ndani ya joto la injini hakibonyezeki, kinavunjika. Changu kilivunjika. Nimekifunga kwa waya laini wa shaba na hakijatoka, lakini aibu ninayo.

Bolti mbili zinashika stata. Ya chini ilitoka kama inatania. Ya juu, ndugu zangu, ya juu ilinichukua saa mbili na nusu. Huioni. Unaipapasa kwa vidole kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya pochi ya mkewe. Kutoka mbele mkono hauingii, kutoka chini spana inapata robo ya mzunguko tu halafu inagonga bomba. Mwisho nilipitia nyuma: nilishika soketi 14 (kwenye gari langu, lako huenda ni saizi nyingine), nikaunganisha mikono miwili mirefu ya soketi pamoja na kiungo kinachopinda, nikaipitisha juu ya giaboksi mpaka ikatokea huku mwisho wa giaboksi. Mwanangu akilenga tochi na kusema "kushoto, kushoto, hapana, kushoto yangu." Nikavisha bomba la chuma kwenye mkono wa spana ili upate urefu. Ikalia "kwiii!". Nilidhani imekatika. Imelegea!

Mwenye kufanya kazi hii asikilize: bolti ya mwisho ikitoka, stata inaanguka. Ya dizeli ina uzito wa kama kilo tano, na wewe uso wako uko wapi? Niliweka gunia juu ya kifua na mkono mmoja chini yake.

MamaMatoke_Bushenyi:
Kaka Msafiri! Nimeweka N, imewaka mara moja! Nimerudisha P, kimya. N, inawaka. Nimefanya mara tano mpaka majirani wakatoka nje.

Fundi_Waya_Jinja:
Mama, stata yako nzima. Kuna swichi kwenye giaboksi inayoruhusu stata kupata umeme ukiwa P au N peke yake, ili gari lisiwake likiwa kwenye gia. Upande wa P umechafuka au umesogea. Mwambie fundi airekebishe ilivyokaa au aisafishe, na kama imechoka ibadilishwe. Kwa sasa washa kwenye N, breki ya mkono juu. Na mbuzi wako salama.

MamaMatoke_Bushenyi:
Mbuzi anawashukuru. Nitamwita Neutro.

Msafiri_Arua:
😂😂 Sehemu ya tatu.

Kabla ya kuondoka chini ya gari, nilichungulia kwenye tundu lililobaki wazi. Mle unaona meno ya flaiwili, yale ambayo stata inayauma ili kuzungusha injini. Wengi wanaruka hatua hii. Niliweka soketi kubwa kwenye puli ya mbele ya injini, gia huru, nikawa nazungusha polepole huku kijana anamulika meno yanavyopita. Injini ya silinda nne ikizimwa husimama karibu kila mara sehemu zilezile mbili za mzunguko, kwa hiyo stata inaanza kuuma mahali palepale miaka yote. Meno ya sehemu hizo mbili yangu yamechongoka kidogo ncha, lakini yapo. Yangekuwa yameliwa kabisa, stata mpya isingenisaidia kitu: ingelia tu "zzzz" bila kushika, na dawa yake ni kushusha giaboksi zima. Hapo ningemwita fundi bila kiburi.

Stata nikaiosha, nikaiweka juu ya meza ya jikoni. Mke wangu aliniangalia, akaangalia meza, akatandika gazeti bila kusema neno. Wanaume mnajua ukimya huo.

Kifuniko cha nyuma cha solenoidi kinashikwa na vibolti vitatu. Nikavifungua, na ndani ndimo alimokuwa mwizi. Vipande viwili vya shaba: kimoja kimeliwa upande mmoja, cha pili, kile cha upande wa betri, kimebaki ukoko. Kimechimbika kama jiwe la kunolea visu. Sahani ya shaba inayoshuka ilikuwa inagusa kimoja na kukikosa kingine, na ikibahatika kugusa ukingo, gari linawaka. Ndiyo ile bahati yangu ya mara ya nne.

Kilichobaki ndani kilikuwa kizima. Makaa yana urefu wa kutosha. Bendiksi, ile gia ndogo inayouma flaiwili, inazunguka upande mmoja na kushika upande wa pili, kama inavyotakiwa. Angalizo kwa atakayeenda mbali zaidi na kutenganisha upande wa gia: kwenye stata za namna hii kuna gololi moja ya chuma ndani ya mhimili. Ikibiringika chini ya kabati, stata yako itarudi nzima na haitafanya kazi, na utanilaumu mimi.

Shaba mpya Arua mjini sikupata siku hiyo. Nikapiga simu kwa mtu wangu Kampala, akaenda Kisekka, soko la vipuri, akanitumia kwa basi la usiku. Shaba mbili pamoja na sahani yake: elfu ishirini na tano, na nauli ya mzigo elfu tano. Linganisheni na laki tatu na nusu.

Spana_Mkononi:
Hapo kwenye kununua stata ya Japani nina ushuhuda wa kuumiza. Mwaka jana nilichoka na nyundo, nikaenda kwenye duka moja, nikauziwa stata safi, inang'aa, umbo lilelile, matundu ya bolti yaleyale. Nimefunga, gari linazunguka kama mzee anayepanda ngazi. Nikanunua betri mpya. Vilevile. Fundi wa tatu ndiye aliyeishusha akafuta rangi kwenye bodi: 24V. Imetoka kwenye gari la betri mbili! Na mwenye duka alisema sijasoma.

Fundi_Waya_Jinja:
Pole. Hii inatokea sana kwa sababu dizeli nyingi zilizotumika Japani, Land Cruiser na malori madogo, zilikuwa na mfumo wa volti 24. Ukienda kununua, beba ile ya zamani mkononi. Soma maandishi ya bodi, hesabu meno ya gia ya mbele ya zote mbili, linganisha bolti zilipo na solenoidi imeelekea wapi. Halafu ijaribiwe palepale dukani kwa betri na nyaya nene. Uikanyage kwa mguu au ibanwe kwenye jiliwa, kwa sababu ikianza inaruka kama kambale nchi kavu. Gia itoke mbele na izunguke kwa wakati mmoja. Sekunde chache zinatosha.

Kuruta_Mstaafu:
Na usimwamini mwenye duka anayekataa kujaribu kwa sababu "betri iko chaji".

Msafiri_Arua:
Sehemu ya mwisho, kurudisha.

Kufunga shaba mpya kuna ujanja. Vipande viwili havifanani umbo, kila kimoja na upande wake. Kila bolti ina vikaratasi vya kuzuia umeme usiguse bodi, na vina mpangilio. Nilipanga vya zamani juu ya gazeti kwa mstari kama vilivyotoka. Shaba zote mbili lazima zikae usawa mmoja, ili sahani iziguse kwa pamoja. Ukikaza moja ikiwa imeinama, umerudi mwanzo. Nilipomaliza niliweka mita kwenye kupima ukinzani, kati ya bolti ya 30 na bodi. Isisome mguso wowote. Ikisoma, kuna kikaratasi umekisahau, na siku utakayounganisha betri moshi utakuambia ni kipi.

Nikaijaribu uani kwa betri, mguu juu yake. "Ta-vruuum!" Mbwa akakimbia mpaka leo hajapita upande ule.

Kurudisha kulichukua dakika arobaini tu. Nilisugua kwa brashi ya waya pale stata inapokaa kwenye injini, kwa sababu njia ya hasi ya stata ni hilo chuma lenyewe. Kutu na rangi vikibaki hapo unajitengenezea ugonjwa mpya. Bolti ya juu nikaianzisha kwa vidole kwanza, raundi nne tano, ndipo soketi. Ukianza na soketi gizani utaharibu nyuzi. Nikasafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi, nikapaka grisi kidogo juu, na waya wa hasi ukarudi mwisho kabisa.

Plagi za joto zikapasha injini, taa yake ikazima, ufunguo. Mara moja. Nikazima, nikawasha. Nimewasha mara ishirini kama mtoto mwenye baragumu, mpaka mke akatoka na kuniuliza kama dizeli naipata bure.

Fundi_Waya_Jinja:
Safi sana. Usizidishe sekunde kumi kwa mkupuo hata kama inakubali, uipe nafasi ipoe. Stata nyingi naletewa zimeungua kwa kushikiliwa tu.

Kijana_wa_Nebbi:
Swali moja: ulipata gharama gani zote?

Msafiri_Arua:
Shaba na nauli elfu thelathini. Mafuta ya kutu elfu kumi na tano. Mita niliazima, nikarudisha na samaki wawili. Mwanangu anadai mshahara wa tochi, bado tuko kwenye mazungumzo. Siku moja ya kazi iliyopotea, hiyo hesabu yake sitaki kuifanya.

MamaMatoke_Bushenyi:
Mimi swichi imesafishwa jana. Inawaka P, inawaka N. Fundi alishangaa nimejuaje.

Kijana_wa_Nebbi:
Hongera mama. Lakini Msafiri, mbona jana nimekuona hapa Nebbi unakula, na pikapu umeiegesha kwenye mtelemko, pua chini, wakati mbele ya hoteli palikuwa wazi?

Msafiri_Arua:
Mazoea, ndugu yangu. Nilishafika katikati ya chai ndipo nikakumbuka.